Majina ya Dominika Mbili

Sajini Ildefonsa Minani alipewa kigoda, akakaa, akaweka daftari juu ya goti na kumsubiri mwenye nyumba amalize kupepeta. Haraka alikuwa nayo, ila hakutaka ionekane. Hospitali ya wilaya kulikuwa na wagonjwa wawili, Bibi Felisita na binti yake, wote wa Ntobeye hii hii, wamelazwa siku ya tatu sasa kwa kula maharage waliyoyalima na kuyavuna wenyewe. Maharage hayo yalichanganywa na unga wa rangi ya waridi uliotoka kwenye pakiti isiyo na maandishi, wakayaosha mara tatu kabla ya kupika wakidhani umekwisha. Bwana shamba aliutazama unga ule mara moja tu, akasema ni dawa ya kupaka mbegu zinazokwenda ardhini, si ya kitu kinachokwenda chunguni. Pakiti ngapi zimeuzwa, na ziko katika nyumba za nani, hakuna aliyejua isipokuwa aliyeziuza. Na kila jioni, mahali fulani katika vilima vile, chungu kingine kilikuwa kinabandikwa.

Aliyekuwa mahabusu kwa jambo hilo alikuwa Thobias, mkazi wa Ngara mjini, mtu wa miaka ishirini na tisa mwenye kazi ambayo polisi wenzake na Ildefonsa walihitaji kuelezwa mara mbili. Thobias alikuwa wakala wa mtandaoni. Hakuwa na duka wala stoo. Alikuwa na orodha ya watu waliompa anwani zao za barua pepe kwa hiari, na kila wiki mbili aliwaandikia barua kuwaeleza juu ya kitu kimoja kinachouzwa na makampuni ya mbali: taa ya sola, bomba la kunyunyizia, turubai la kuanikia kahawa. Chini ya barua kulikuwa na linki. Mtu akiibonyeza na kununua, kampuni ilijua kwamba mteja huyo ametoka kwa Thobias, ikamkatia kamisheni yake. Barua iliyowapeleka watu kwenye unga wa waridi ilikuwa na jina la Thobias juu na chini.

Nimpaye aliweka ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Ildefonsa alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaulizana habari za mvua na za watoto mpaka zikaisha. Kisha sajini akauliza kwanza lililo kubwa: maharage haya kwenye ungo yametiwa nini? Nimpaye akacheka kidogo. Yalikuwa yametiwa majivu, kama alivyofundishwa na mama yake. Pakiti hakununua.

“Lakini barua uliipata, mama.”

“Niliipata. Na ndiyo maana sikununua. Nilikasirika.”

Akaingia ndani akatoka na simu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mwanaye wa Kahama ndiye aliyemnunulia. Alimpa sajini aisome mwenyewe, na Ildefonsa akaisoma pole pole, ingawa alikuwa na nakala yake kituoni na alishaisoma mara tano:

Ndugu yangu, ni mimi Thobias wako. Fukusi wanakula jasho lako wakati wewe umelala. Unga huu unawamaliza wote kwa siku moja na hauna madhara yoyote kwa binadamu. Zimebaki pakiti chache sana. Piga namba hii sasa hivi, usije ukajuta.

Alipoibonyeza sehemu ya jina, simu ilimfungulia anwani iliyojificha nyuma yake, nayo haikuwa ile ya siku zote ya Thobias. Hilo walishaligundua kituoni. Halikumsaidia Thobias kitu, kwa sababu mtu yeyote anaweza kufungua anwani ya pili akiwa na nia mbaya. Namba ya simu iliyotajwa ilikuwa imezimwa, na majibu ya kampuni ya simu juu ya mwenye laini yangechukua siku nyingi.

“Kwa nini ulikasirika, mama?”

“Kwa sababu nilishamuaga,” Nimpaye alisema. “Mtu nimemuaga vizuri, nikaenda kwake kwa miguu yangu, halafu ananiandikia kama vile sikwenda.”

Hapo Ildefonsa akafungua daftari.

Maelezo ya Nimpaye yalikuwa marefu, na sajini hakumkatiza. Alisema barua za Thobias zilikuwa nzuri, tena nzuri mno, kila akisoma anatamani kununua, na bando lilikuwa linakwisha bure. Akaona ajitoe. Chini ya kila barua kulikuwa na maandishi madogo, bonyeza hapa kujiondoa. Hakubonyeza. Alisema hajui mtu wa Ntobeye aliyewahi kubonyeza pale. Ni sawasawa na kutoka kwenye nyumba ya mtu kwa mlango wa nyuma wakati mwenyewe amekaa sebuleni. Mtu aliyetaka kutoka kwenye orodha alikwenda kwa Thobias, akamsalimu, akasema yanayomsibu. Yeye alibeba chane mbili za ndizi mbivu, akapanda bodaboda hadi mjini, akamwambia aondolewe na kwamba si kwa ubaya. Thobias alizipokea ndizi, akafungua kaunta buku lake, akalikata jina la Nimpaye kwa wino mwekundu mbele ya macho yake.

“Siku gani hiyo?”

“Jumanne baada ya Pentekoste. Naikumbuka, maana Dominika yenyewe nilikuwa nimesimamia ubatizo wa mtoto wa jirani.”

Ildefonsa aliandika: Jumanne baada ya Pentekoste. Barua ya unga ilitumwa mwezi wa saba, maharage yalipokwisha kuanikwa. Akapiga mstari chini ya maneno hayo, akaomba maji ya kunywa.

Kituoni alikuta Inspekta Evaristi, mkuu wake wa upelelezi, amekwisha kuandaa jalada. Alitaka mtuhumiwa apandishwe mahakamani Alhamisi asubuhi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ildefonsa alipomweleza juu ya Nimpaye, Inspekta alimsikiliza akiwa anapanga karatasi.

“Sajini, jina lake liko juu ya barua na chini ya barua. Unataka aweke na picha?”

Ildefonsa alisema picha ingesaidia. Kisha akaomba apewe kaunta buku la mtuhumiwa, kielelezo namba mbili, na simu ya ofisi kwa saa tatu. Inspekta alimpa vyote, na siku moja juu yake.

Alikuwa amelisoma lile bunda la barua za zamani za Thobias, zipatazo thelathini, na kuna jambo lilikuwa limemkaa kichwani. Katika kila moja kulikuwa na aya ya kasoro. Taa hii inawaka vizuri, Thobias aliandika, lakini usiiache kwenye mvua, mimi ya kwangu iliingia maji. Bomba hili ni jepesi, lakini mpira wake wa shingoni hukatika, nunua na wa akiba. Hakuuza kitu bila kukitumia kwanza, na hakukisifu bila kusema kasoro zake. Alipomuuliza sababu, Thobias alijibu kwamba mkulima akiambiwa kasoro na muuzaji mwenyewe, na zile sifa anaziamini. Barua ya unga haikuwa na kasoro hata moja. Wala haikuwa na linki, ambayo ndiyo riziki ya wakala. Hayo yote aliyaweka upande mmoja wa karatasi. Yalikuwa na uzito, ila hakimu angeweza kusema mtu hubadilika.

Kaunta buku lilikuwa na habari ngumu zaidi. Thobias alikusanya majina siku za Dominika baada ya misa, kwa ruhusa ya katekista, akisimama nje ya kigango na kijitabu chake cha kurasa nane juu ya kukausha mazao. Aliyempa anwani alipewa kijitabu bure. Majina aliyaandika kwa mkono, na jioni ile ile akayaingiza kwenye kompyuta yake. Juu ya kila kundi la majina hakuandika tarehe bali jina la Dominika: ya Kwanza ya Kwaresima, ya Matawi, ya Huruma ya Mungu. Ildefonsa, ambaye mama yake alihesabu hata siku za ng'ombe kuzaa kwa sikukuu za Kanisa, hakupata taabu kuzifuata.

Dominika ya Kupaa Bwana: majina tisa, kigango cha mjini. Dominika ya Pentekoste, wiki moja baadaye: majina saba, kigango cha bondeni. Halafu, kwa wino mwekundu, majina manne yaliyokatwa baada ya hapo, la Nimpaye likiwa la kwanza.

Akaanza kupiga simu. Wale wanne waliokatwa, wote wanne, walikuwa wamepata barua ya unga. Kati ya tisa wa Kupaa Bwana alipata saba hewani, na wote saba walikuwa wameipata. Wawili walikiri wamenunua pakiti, zikawafikia kwa basi. Aliwaambia wasiguse chungu, akamtuma askari wa zamu akazichukue. Kisha akawapigia wale wa Pentekoste. Sita walipokea. Hakuna hata mmoja aliyeipata. Mmoja alilalamika kwamba amepitwa na bidhaa, sajini akamwambia amshukuru Mungu.

Aliitazama karatasi. Aliyetuma barua ya unga hakuwa na orodha ya Thobias kama ilivyokuwa mwezi wa saba. Alikuwa na orodha iliyonakiliwa mahali fulani kati ya Dominika mbili, Kupaa Bwana ikiwa imo na Pentekoste ikiwa bado. Na Thobias, mwenye orodha kamili mkononi, asingekuwa na sababu ya kutumia ya zamani, akapoteza watu saba wapya na kumwandikia mama aliyemletea ndizi.

Alimwita Thobias kwenye chumba cha mahojiano. Alikuja na kandambili na shati lililotoka kifungo, akaulizia kwanza hali ya Bibi Felisita, kama alivyoulizia kila alipoitwa. Ildefonsa alimwambia anakunywa uji kidogo. Kisha akamuuliza ni nani mwingine amewahi kuishika orodha. Thobias alijibu upesi kwamba ni Wiston tu, mwenye duka la simu Nyakanazi, ambaye mwezi wa kwanza alimsaidia kuipanga kwenye kompyuta.

“Baada ya huyo?”

“Hakuna, afande.”

“Wiki ile kati ya Kupaa Bwana na Pentekoste ulikuwa wapi?”

Thobias alitazama meza. Akasema, “Kwenye shughuli zangu.” Maswali yote mengine aliyajibu kwa urefu hata yasiyohitaji urefu. Hilo alilijibu kwa maneno matatu. Ildefonsa aliandika maneno hayo matatu, akamrudisha mahabusu.

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi alikuwa Nyakanazi. Alikuwa amemjulisha mwenzake wa Biharamulo, Koplo Idefonsi, karibu wajina wake, kwamba anaingia wilaya yao, na Idefonsi alimsubiri kwenye njia panda, kati ya malori yaliyolala yakielekea mpakani na akina mama wanaokaanga maandazi. Walikwenda moja kwa moja kwa Wiston.

Wiston alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye duka lililojaa maboksi ya simu hadi darini. Aliwapa viti kabla ya kuulizwa chochote. Ildefonsa alikuja akimdhania vibaya, na alikuwa na haki. Nusu ya watu wa orodha ile walinunua simu hapo, na mtu akinunua simu Wiston ndiye aliyemfungulia barua pepe, akamchagulia na neno la siri, akaliandika kwa kalamu kwenye mfuniko wa boksi. Neno lenyewe kwa kila mtu lilikuwa jina lake la ubatizo na tarakimu 1234.

“Afande, mimi nimebatiza watu wengi kuliko paroko,” alisema. “Tena mimi sidai mafundisho.”

Koplo Idefonsi alicheka. Ildefonsa hakucheka. Alimwambia Wiston kwamba mtu anayejua maneno ya siri ya watu mia moja, aliyewahi kupanga orodha ya Thobias, na anayekaa mahali ambapo mizigo yote ya mabasi inapita, ni mtu ambaye yeye angependa kuiona kompyuta yake. Ucheshi ukamtoka Wiston taratibu. Akaigeuza kompyuta iwaelekee, akatoka hata kwenye kiti chake.

Faili la orodha lilikuwapo. Ildefonsa alikuwa amebeba kaunta buku kwenye mfuko wa rambo, wakaanza kulinganisha jina kwa jina, Idefonsi akisoma, yeye akifuatisha kwa kidole. Iliwachukua karibu saa nzima. Faili lilikuwa na majina mia moja na arobaini, na lilikomea Dominika ya Ubatizo wa Bwana, mwezi wa kwanza. Wale tisa wa Kupaa Bwana hawakuwamo. Kama Wiston angetuma barua ya unga kwa orodha hii, wale tisa wasingeipata, na saba kati yao waliipata. Sajini alilifunga daftari. Mtu ambaye asubuhi alikuja akimshuku alikuwa ametakaswa na kalenda.

Alimwambia hivyo, kwa maneno machache. Wiston alivuta pumzi, akawaagizia chai, na kwa kuwa sasa hakuwa na hofu akawa na maneno. Ildefonsa alimuuliza, kama mtu anayezungumza tu, ni lini mara ya mwisho Thobias alipita pale.

“Mwezi wa sita, kabla ya Pentekoste. Nilimcheka mpaka akakasirika. Jua lote lile amevaa koti la suti, ana kreti la soda na kitenge cha mama mtu kimefungwa kwenye karatasi ya zawadi.”

Alikuwa anakwenda ukweni, Wiston alieleza. Anakwenda Nyantakara kujitambulisha kwa mzee Celestini, muuza pembejeo, ambaye binti yake Claudia ndiye mchumba. Alikwenda Jumatano na kompyuta yake mgongoni, kwa sababu alikuwa na barua ya kumalizia, akarudi Ijumaa. Mahari imepangwa mwezi wa nane.

“Alinunua kitu aliporudi?”

Wiston alifikiri. Alinunua flashi. Alimtania kwamba flashi aliyomuuzia mwezi wa kwanza amekwisha kuipoteza, Thobias akasema hakuipoteza, ameiacha ukweni.

Chai ilikuja. Ildefonsa aliinywa yote, kwa sababu si vizuri kuacha chai ya mtu, kisha akamchukua Koplo Idefonsi kando ya duka. Walizungumza dakika tano. Koplo akapanda pikipiki yake kuelekea Nyantakara na mgambo wawili, na Ildefonsa akatafuta gari la kumrudisha Ngara.

Saa kumi jioni Thobias aliletwa tena. Safari hii Ildefonsa alimsomea onyo kwa ukamilifu, kwamba halazimiki kusema neno na kwamba atakalosema litaandikwa, akaweka saa na tarehe juu ya karatasi. Kisha hakuuliza swali. Alimweleza tu alichokipata: wanne waliokatwa, saba waliopata, sita waliokosa, koti la suti, flashi. Alieleza kwa utaratibu na sauti ile ile, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Alipomaliza alikunja mikono.

Nje kulikuwa na askari anayefagia.

“Afande, ukiliandika jina hilo hapo, harusi yangu umeifuta.”

“Sijaliandika bado. Nakungoja wewe uliseme.”

Ikambidi aseme. Siku ya pili ya kujitambulisha, baada ya chakula, mzee Celestini alimweka pembeni akamwambia kwamba sasa yeye ni mtoto wa nyumba ile, na hao watu wake wanaomwamini mzee naye angependa kuwafikia, ana mbolea zake za kutangaza. Thobias alikuwa bado amevaa koti. Soda zilikuwa zimepokelewa, kitenge kimepokelewa, jibu la posa halijatoka. Hakujua neno la kumkatalia baba mkwe kitu ambacho hakipungui kikitolewa. Alikiona ni kama kuombwa jembe kwa siku moja. Akaihamishia orodha kwenye flashi, akampa kwa mikono miwili. Barua ya unga ilipotokea alijua mara moja imetoka wapi.

“Na ukanyamaza siku tatu,” sajini alisema, “watu wanakula.”

“Nilidhani ni Bibi Felisita peke yake. Nilidhani nyinyi mtazipata nyingine.”

“Sisi tumezipata tano, mwanangu.”

Simu yake ikalia. Alikuwa Koplo Idefonsi. Celestini alikutwa dukani na katoni mbili za unga wa waridi chini ya kaunta, na hakubisha. Alisema aliununua kwa mtu wa lori aliyemhakikishia ni dawa ya ghalani. Kuhusu jina alishangaa kuulizwa: mkwe ni wake, jina la mkwe ni la nyumba yake, angewaandikiaje watu wasiomjua kwa jina lake yeye? Lakini aliposikia watu wamelazwa, simu yenye namba ile aliitupa chooni. Wanunuzi walimpigia, akawatumia pakiti kwa mabasi, hakuandika jina la mtu. Amekwisha kuuza katoni moja nzima, pakiti arobaini na nane.

Ildefonsa aliiweka simu mezani akamweleza Thobias yote bila kupunguza. Arobaini na tatu zilikuwa bado majumbani. Watendaji wa vijiji walikuwa wameanza kupita, lakini vilima ni vingi, na matangazo ya kanisani yangengoja Dominika. Ilikuwa imekaribia saa kumi na moja, wakati wa kuwasha moto.

“Ukiwaandikia sasa hivi, ni wangapi watafungua leo?”

“Sabini. Labda themanini, kama kichwa cha barua ni kizuri.” Alikuwa amekaa wima. “Na hao watawaambia majirani.”

Ildefonsa alikwenda kwa Inspekta Evaristi, akamwekea maelezo mezani, akasimama pale mpaka yakasomwa yote. Inspekta alisaini kielelezo namba moja kitolewe kwa saa moja. Kompyuta ikaletwa, askari wawili wakasimama mlangoni.

Thobias alitaka kutumia orodha yake ya sasa. Sajini akamkumbusha kwamba waliokatwa nao walipata barua ya unga. Alisita, kwa kuwa aliwaahidi. Kisha akawaingiza wote wanne. Kwenye kichwa aliandika, Tahadhari muhimu kuhusu bidhaa iliyouzwa kwa jina langu, akatikisa kichwa, akafuta. Alisema kichwa kirefu watu hukiruka, wanadhani ni cha serikali. Akaandika: Usipike maharage leo. Ildefonsa alisoma juu ya bega lake, hakuongeza kitu.

Barua yenyewe aliiandika upesi. Kama ulinunua unga wa waridi, usile maharage yale, usiwape kuku, usiyamwage mtoni. Yafunge, yaweke juu mahali watoto hawafiki, nijibu hapa jina lako na kijiji chako, polisi watakuja kuyachukua na hutaulizwa neno. Barua ya unga sikuiandika mimi. Lakini majina yenu yalitoka kwangu. Nilimpa baba mkwe wangu bila kuwauliza.

Akasimama hapo.

“Anayesoma atamjuaje baba mkwe wako?” Ildefonsa aliuliza kwa upole. “Kuna aliyenunua dukani kwake, hakupata barua. Huyo naye anatakiwa ajue.”

Thobias alirudisha kishale nyuma. Alifuta maneno matatu, herufi moja baada ya nyingine, ingawa angeweza kuyafuta kwa mara moja. Mahali pake akaandika: Celestini wa Nyantakara, muuza pembejeo. Alisoma barua yote tangu juu, akaweka jina lake chini, akabonyeza.

“Claudia naye yumo kwenye orodha?” sajini aliuliza.

“Ndiye wa kwanza. Kila barua huanza kwake.”

Walikaa wakitazama kioo. Ilipita kama dakika nne kabla ya jibu la kwanza, la mtu wa Ntobeye ambaye Ildefonsa hakumjua. Lilikuwa fupi: Chungu kilikuwa motoni, nimeepua. Sajini akafungua ukurasa mpya. Likaja la pili, la tatu, halafu mawili kwa pamoja. Thobias aliyasoma kwa sauti, jina na kijiji, pole pole ili sajini awahi kuandika, na kila alipomaliza moja alitazama chini yake kuona la nani limefuata.